Mkono wa Kushoto wa Papa Ruphin

Papa Ruphin Mulumbi alikuwa na kanuni moja tu ya kazi, na aliipokea kwa marehemu Basile aliyemfundisha: maji hayaingii pale unapoyaona. Boti ikijaa maji nyuma, usikimbilie nyuma. Ni kwamba boti imelalia huko, na maji hukusanyika penye bonde. Anza mbele, ubao kwa ubao, gonga, kisha sikiliza. Mshono mzima hujibu kwa sauti fupi na nzito. Mshono uliooza hujibu kama mtu aliyeulizwa neno akiwa na chakula mdomoni.

Kwa miaka thelathini na mmoja aliishi na kanuni hiyo kwenye mchanga wa mafundi wa boti, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani na kuiacha Kalemie nyuma yake. Jovial na maseremala wenzake walipasua mbao na kuzipigilia misumari. Ruphin alikuja mwisho, walipokwisha kujisifu. Kazi yake ilikuwa kalafati: kusokota pamba iliyoloweshwa mawese mpaka iwe kamba nyembamba, kuishindilia kati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha kuifunika kwa lami. Pamba ikipungua, maji yanaingia. Ikizidi, mbao zinaachana. Kati ya kupungua na kuzidi hakuna kipimo ila masikio ya fundi.

Mchanga ule ulikuwa na desturi yake. Boti mpya ilipofanya safari ya kwanza, fundi wa kalafati alikwenda nayo. Aliketi chini kabisa, juu ya mshono wa katikati, kwenye mbao tupu, bila mkeka wala gunia. Kama maji yangeingia, yeye ndiye angelowa wa kwanza, na abiria wote wangemwona anaponyanyuka. Karatasi za biro, yaani ofisi ya bandari, zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyeziamini kuliko suruali kavu ya fundi. "Boti ambayo fundi hakuipanda," walisema, "hata mbuzi haipandi." Ruphin alikuwa amezipanda zote, na hakuna hata moja iliyomlowesha.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni, miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliamka akakuta ngumi zake hazifunguki. Vifundo vilikuwa vimevimba mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Baadaye vilifuata viwiko, mabega, na magoti. Watu walimwambia ni rimatisimu, ile ambayo wenye vitabu huiita baridi yabisi, na kwamba chanzo chake ni maji ya ziwa, kwa kuwa alisimama ndani yake tangu ujana. Akaacha kusimama majini. Ugonjwa haukujali.

Alijifunza saa zake. Alfajiri ulikuwa mkali kuliko wakati wowote. Mkewe, Mama Marthe, alimwekea beseni la maji ya moto, naye alilaza mikono humo mpaka jua lilipopita bati la jirani. Kisha alimpaka mafuta, kiungo kwa kiungo. Kufikia saa nne vidole vilikubali kushika nyundo, na kadiri alivyopiga ndivyo maumivu yalivyolegea. Kupumzika ndiko kulikomuumiza. Ndiyo maana alizoea kusema kwamba kazi ndiyo dawa yake, na watu walidhani ni methali tu.

Dawa nyingine aliinunua sokoni, katika vibanda vinavyopokea vitu kutoka Kigoma: vidonge vidogo vyeupe, na vingine vya rangi ya chungwa, vinavyouzwa kimoja kimoja bila swali. Vilifungua mikono kama ufunguo. Viliujaza pia uso wake, ukawa wa mviringo juu ya mwili mwembamba. Jovial alisema, "Papa Ruphin ananenepa kichwa tu. Chakula kinafika shingoni kinarudi."

Kitu kimoja Jovial hakukijua, wala mtu mwingine pale mchangani. Miaka miwili sasa vidole vya Ruphin havikuweza kusokota. Kupiga nyundo kulihitaji kiganja, lakini kusokota pamba kulihitaji ncha za vidole, na ncha hizo zilikuwa zimepinda kuelekea nje kama majani yanayokimbia moto. Aliyesokota ni Marthe, nyumbani, mlango umefungwa. Alisokota vizuri, kamba yake haikuwa na tumbo wala kiuno. Baadaye, mishono mirefu ilipoanza kumchosha mume, kila Jumapili, watu wote walipokuwa misa ya pili na mchanga ukiwa mtupu, Marthe alikuja naye akashika nyundo mwenyewe, mume ameketi kando akisikiliza kwa kichwa kilichoinama. "Ongeza," mume alisema. "Basi. Hapo." Wao wawili walikuwa watu wa misa ya kwanza.

Boti ya mwaka huu ilikuwa ya Mama Olga, mfanyabiashara anayepeleka chumvi, sabuni na vitenge Zongwe, na kurudi na samaki wakavu na maharage. Ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kuziba. Mshono wake wa katikati, wote, kutoka mbele mpaka nyuma, Marthe alikuwa ameupiga kwa Jumapili nne.

Katika majuma hayo mkono wa kushoto wa Ruphin ulianza habari mpya. Ilikuwa kwenye njia ya mlima, akipanda kurudi nyumbani. Uzito ulimkalia kifuani, kama gunia lililowekwa pale kwa muda, kisha maumivu yakashuka begani na kufuata mkono mpaka kwenye kiwiko. Alisimama karibu na ukuta wa shule, akajifanya anasalimia watu. Alisalimia hata asiowajua. Baada ya dakika chache yaliondoka, akaendelea. Bega hilo lilikuwa gonjwa siku nyingi, hivyo hakushangaa. Aliongeza kidonge cha rangi ya chungwa. Kesho yake viwili. Juma lililofuata alimeza vitatu kwa siku, na bado ukuta wa shule ulimngoja.

Marthe alimwona siku moja kutoka mlangoni, akisimama na kwenda, akisimama na kwenda. Alimngoja aketi kwanza.

"Papa Ruphin. Huo mukono unauma saa ngapi?"

"Saa ngapi namna gani? Mukono ni mukono."

"Miaka kumi na moja nakupaka mafuta. Viungo vyako navijua kuliko watoto niliowazaa. Vinalia asubuhi ukiwa umelala, ukifanya kazi vinanyamaza. Sasa huu mukono asubuhi hausemi kitu. Naukamata, naukunja, unakubali. Unalia ukipanda mulima tu. Ukikaa, unanyamaza."

"Na hivyo?"

"Hivyo huyu si mutoto wa ile nyumba."

Ruphin alicheka. "Umekuwa dokta."

"Mimi ni muntu wa kusokota pamba. Nakuambia tu, huu uzi si wa kamba ile."

Ruphin aliushika mkono wake wa kushoto, akaukunja na kuukunjua. Alijiona amefanya kosa ambalo angemfukuzia mwanafunzi: ameona maji begani, akaziba bega.

Hospitalini walimpeleka kwa Daktari Claire, mzaliwa wa Kongolo, mwenye umri wa binti yake wa pili. Alivitazama vile vidole, akaviminya vifundo kimoja kimoja, akauliza kuhusu asubuhi, akamsikiliza Marthe akieleza habari ya mlima na ya dawa za sokoni. Kisha akaiacha mikono na kumwambia avue shati.

"Dokta, ugonjwa uko huku," Ruphin alisema, akiinua mikono.

"Nimeuona, Papa. Lakini naanzia mbele."

Alimfunga kitambaa cha kupimia tansio, yaani presha ya damu, akaandika, akapima tena kana kwamba hakuipenda namba ya kwanza. Alisikiliza kifua kwa vyombo vyake. Kisha akafanya jambo ambalo Ruphin hakulitazamia: aliweka kidole chake mgongoni mwake, akakigonga kwa kidole cha mkono mwingine, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Kutoka wakati huo mgonjwa alitulia. Yule alikuwa fundi.

Walimlaza, wakamwekea nyaya, na mashine ikaandika mapigo ya moyo wake kwenye karatasi. Daktari aliitazama kwa muda, kisha akavuta kiti karibu yake na Marthe.

"Mama ndiye aliyesema kweli. Hili si bega. Maumivu yanayokuja ukipanda na kwenda ukikaa, ni moyo. Njia za damu zinazoulisha zimekuwa nyembamba. Ukikaa, damu kidogo inautosha. Ukipanda mulima, haiutoshi, unalia. Kilio chake kinasikika mukononi."

"Kwa hiyo nina magonjwa mawili."

"Mawili, lakini hayako mbali. Rimatisimu yako si ya mifupa peke yake, Papa. Ni moto ambao mwili unajiwashia wenyewe. Kwenye viungo tunauona kwa sababu vinavimba. Lakini unatembea na damu, na njia za damu zinaungua ndani kwa ndani, pole pole, miaka mingi. Watu wenye ugonjwa wako wanapata ugonjwa wa moyo mapema kuliko wenzao wa umri ule ule."

"Mimi sivuti sigara. Na unene sina, ona mwenyewe."

"Naona. Ungekuwa unavuta, ingekuwa mbaya zaidi. Lakini wembamba hauzimi moto huu." Akanyoosha mkono. "Na zile za sokoni, umezibeba?"

Marthe alizitoa kwenye pindo la kitenge. Daktari alizitenga kwa ncha ya kalamu, nyeupe huku, za rangi ya chungwa kule.

"Hizi za rangi ya chungwa, acha leo. Zinapandisha tansio, na kwa moyo kama wako ni hatari. Na ulipoumwa ukaongeza?"

Ruphin alitazama sakafu.

"Vitatu kwa siku," Marthe alisema.

"Hizi nyeupe nazo zimekudhuru, lakini usiziache ghafla. Mwili umezizoea. Tutazipunguza pamoja. Nitakupa dawa ya kuuzima moto wenyewe, na hiyo ni mara moja kwa juma. Mara moja, Papa. Chagua siku. Ukiimeza kila siku, itakuua."

"Jumapili," alisema Marthe. "Baada ya misa ya kwanza."

Zilikuwapo nyingine za kila siku, za moyo na za tansio. Tena kichupa cha vidonge vidogo sana: kimoja kiwekwe chini ya ulimi maumivu yakija, akiwa ameketi. Yasipoondoka baada ya dakika tano, aletwe mbio, asingoje kuona. Angemwandikia pia barua ya kwenda kupimwa zaidi Lubumbashi.

Ruphin alisikiliza yote, kisha akauliza swali lake moja. "Alhamisi nina safari ya Zongwe. Kwenye boti."

"Masaa ngapi?"

"Saba, kama mashini haigomi."

"Ukikamatwa saa ya nne, katikati ya maji, utakwenda hospitali gani?"

Ruphin alichukua shati lake.

"Nikuone kwanza baada ya juma sita. Kabla ya hapo, ziwani hapana."

Nyumbani Ruphin alimwambia mkewe kwamba atakwenda. Hakulisema kwa hasira. Alieleza kama mtu anayehesabu mbao. Fundi asiyepanda boti yake ametangaza kwamba inavuja. Mama Olga hatapata abiria. Mwaka ujao hakuna atakayemwita. Na mtu asiyeitwa mchangani, aliuliza, anaamka asubuhi anaweka mikono kwenye maji ya moto kwa ajili ya nini?

Marthe alikuwa anachambua maharage. "Na mimi nitaamka niwashe moto wa nani?" alisema.

Jumatano mchana alishuka peke yake kuikagua boti. Iligeuzwa ubavu, nyeusi kwa lami mpya. Aligonga kuanzia mbele. Mishono ya juu, ile ya mkono wake, ilijibu vizuri, ila mahali pawili, karibu na mkia, alisikia ulegevu mdogo, juu ya usawa wa maji, ambao ungeweza kungoja boti irudi. Mshono wa katikati ulijibu wote kwa sauti moja, fupi na nzito, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alirudia kuugonga. Alikaa kwenye mchanga, nyundo mapajani. Ziwa lilikuwa shwari, limetandikwa mpaka lilipoungana na mbingu. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja aliliona kuwa refu.

Alipopanda kurudi, uzito ulimngoja pale pale. Aliketi chini ya ukuta wa shule, akatoa kichupa, akaweka kidonge chini ya ulimi. Alisali Baba Yetu, akaanza Salamu Maria, na kabla hajaimaliza gunia lilinyanyuliwa kifuani na mkono ukawa mkono tu. Aliufungua na kuufumba. Miaka kumi na mmoja amemeza vidonge kwa ajili ya viungo, na hakuna goti wala kiwiko kilichowahi kutii hivi, kwa sala moja na nusu. Alikuwa amemwamini daktari kwa heshima. Sasa aliamini kwa sababu alikuwa amegonga na kusikia jibu.

Alhamisi asubuhi boti ilikuwa majini, imefungwa kwa kamba mbili, magunia ya chumvi ndani, abiria kama ishirini ukingoni na mizigo yao. Hakuna aliyepanda. Walikuwa wanatazama njia ya mlimani. Ruphin alikuja pole pole na Marthe nyuma yake, amevaa sweta na kubeba kikapu.

Mama Olga hakungoja salamu. "Papa Ruphin, nimesikia umekatazwa kupanda. Boti yangu ina nini?"

"Pengine kuna tundu alilisahau," alisema Jovial. "Anaogopa kulowa suruali ya misa."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na macho yakabaki kwa fundi. Ruphin aliingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, akashika ukingo wa boti.

"Boti ni kavu," alisema. "Mubovu ni mimi. Moyo wangu ni mugonjwa. Rimatisimu hii mnayoiona mikononi imeingia mpaka kwenye njia za damu. Dokta amenikataza ziwa juma sita, na mimi nimekubali."

"Moyo?" alisema Mama Olga. "Umeanza lini?"

"Sijui ulianza lini. Mimi niliona mukono."

"Pole, Papa. Pole sana." Alisema kwa dhati, kisha akatazama abiria wake. "Lakini hawa watapandaje?"

Hapo ndipo palipomgharimu. Aliinua mikono yote miwili juu, vidole vilivyopinda vikiwa vimeelekea watu, kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Mnaona hivi vidole. Mnadhani vinasokota pamba? Miaka miwili havisokoti. Anayesokota ni Marthe. Mama Olga, zile boti zako mbili zinazokwenda Moba, ni pamba yake. Na katika hii, mshono wa katikati ule ninaopaswa kuukalia, si wangu. Ameupiga yeye, pamba na nyundo. Jana niliugonga wote. Wangu una sehemu mbili za kurudia. Wake hauna."

Mzee mmoja aliguna. Jovial alikuwa amekunja mikono.

"Kumbe miaka miwili namsifu muntu asiyehusika," alisema hatimaye.

"Uliyekuwa unamsifu alikuwa nyumbani," Ruphin alimjibu. "Nilimfikishia."

"Ulinifikishia lini?" aliuliza Marthe. "Hata neno moja sijalipokea."

Safari hii walicheka kweli. Marthe aliikunja kanga yake ya juu, akampa Ruphin kikapu ashike, akapanda. Alipita kati ya magunia mpaka katikati. Mtu alimrushia mkeka na yeye akaurudisha. Aliketi chini, kwenye mbao tupu, miguu imenyooshwa, mgongo wima. Mama Olga alimtazama, akavua viatu, akapanda na kuketi karibu naye. Baada yake wanawake wenye vikapu, kisha wengine. Mbuzi wawili walibebwa.

Ruphin alimpa mkewe kikapu chake, na boti ikasukumwa. Alibaki ukingoni mpaka mashini haikusikika tena. Jovial alimletea kigogo cha kukalia, kisha akarudi kwenye mbao zake.

Siku ilikuwa ndefu. Alizoea kusafiri juu ya kazi yake, hakuwahi kuingoja. Alikaa kwenye kivuli cha boti iliyokuwa haijamalizika na, kwa kuwa hakujua afanye nini, alimwonyesha Jovial namna ya kusokota. Alimwelekeza kwa maneno tu, mikono yake ikiwa imelala mapajani. Jovial alisokota vibaya sana. Kamba yake ilikuwa na tumbo, kiuno, na goti.

Saa kumi na moja kasoro simu ililia.

"Tumefika," Marthe alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na mbuzi. "Upepo ulitukamata kidogo, lakini tumefika."

"Umelowa?"

"Sikulowa. Kulikuwa na maji kidogo nyuma, kama kikombe kimoja."

Ruphin alisimama. "Nyuma wapi? Upande gani?"

"Wewe nawe. Unaniuliza nilipoyaona? Nimekwisha kutafuta yanapoingilia. Ni juu, kwenye mshono wako, pale pawili ulipopasema. Nikirudi nitapaziba." Sauti za mbuzi zikabaki mbali. "Dawa za asubuhi ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na ile nyingine, ya Jumapili?"

"Leo ni Alhamisi, Mama."

"Nakupima tu. Panda mulima pole pole. Simama kabla haujauma, usingoje uume."

Alipanda pole pole. Alisimama kwenye ukuta wa shule akiwa hana maumivu yoyote, akapumzika kwa muda ambao angeutumia kuyangoja yaondoke. Mwalimu mmoja aliyekuwa anafunga mlango alimsalimia na kumwuliza kama anamtafuta mtu.

"Hapana," Ruphin alisema. "Napumzika. Nina ugonjwa wa moyo."

Akaendelea kupanda.